Bima ya Mama Breki

Siku fundi wa mapazia alipoacha kazi hotelini, hakugombana na mtu. Alirudisha sare, akarudisha funguo za chumba cha kushonea, akapeana mikono na wapishi na wafagizi, na meneja mwenyewe akamwambia mlango uko wazi siku yoyote akitaka kurudi. Kilichomkera kilikuwa kimoja tu. Mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alinyoosha kiganja akasema, "Na kadi ya bima, tafadhali." Kadi yenyewe alikuwa hajaitumia sana, jino hapa, homa pale, lakini alipoitoa kwenye pochi alijiona kama mtu aliyevuliwa koti barabarani.

Nyumbani hakukaa. Mumewe, mpiga picha za harusi, alikuwa mezani akifuta lenzi zake kwa kitambaa laini, mdomo umebana kwa umakini.

"Kabla sijanunua jora hata moja la kitambaa," fundi alisema, "tunanunua bima."

"Hata kiti hujavuta, mke wangu."

"Kiti hakiendi popote."

Mumewe alicheka, maana alimjua. Huyu hakuwa mtu wa kuweka jambo kiporo. Akishika mkasi anakata, na akishakata harudi nyuma kupima upya. Miaka yote hiyo mpiga picha alikuwa amejificha chini ya kadi ya mkewe bila kuifikiria, kama watu wanavyokaa chini ya paa bila kulishukuru. Sasa paa limeondolewa, na wote wawili wanajitafutia riziki kwa mikono yao: mwezi mmoja harusi zimefuatana hadi anakosa usingizi, mwezi mwingine simu iko kimya kama imekatwa.

Tena kulikuwa na suala la mtoto. Walikuwa wameshakubaliana kwamba fundi akianza kujitegemea, wataanza na hilo. Aliyekuwa na haraka kuliko wote hakuwa mume wala mke. Alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mama Breki, kwa sababu gari lake dogo jeupe lilikuwa na breki ya pili chini ya miguu ya mwalimu, na aliikanyaga bila huruma. Nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake, fundi wa mapazia akiwemo. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuvuka barabara, na hakuwa na namna nyingine ya kuzungumza na watu ila ile ya darasani. Ukimpakulia chakula atakwambia punguza mwendo. Ukimwaga chai atakuuliza ulikuwa unaangalia wapi. Kila Jumapili alikuja kula kwa mwanawe, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshalikagua tumbo la mkwewe mara moja, juu hadi chini, kama anayetafuta nafasi ya kuegesha.

"Bado?" aliuliza.

"Bado, Mama."

"Basi gari halijawashwa."

Fundi hakuwa akiudhika. Alimpenda mama huyu, na alijua akitaka kumjibu atamjibu.

Wiki ile ile alikwenda kwa wakala wa bima. Alikuwa mwanamke wa makamo, ofisi yake ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Fundi alimpenda tangu mwanzo kwa sababu hakumsifia kitu.

"Dada, niambie kwanza unaogopa nini," wakala alisema. "Watu huja hapa wananiuliza bei. Bei nitakwambia. Lakini bima inanunuliwa kwa kile unachokiogopa."

"Naogopa kulazwa, mimi au mume wangu. Mtu wa kazi kama yetu akilala kitandani, na kazi imelala. Na nataka kuzaa bila kuhangaika."

"Wazazi?"

"Wangu walishatangulia. Yuko mama mkwe."

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na nne. Karibu anatimiza na tano."

Wakala alivaa miwani. Akamweleza polepole, bila kumung'unya maneno. Kulikuwa na bima mbili zilizomfaa mtu asiye na mwajiri. Ya kwanza ni nafuu: mume, mke na watoto, uzazi umo ndani, meno yamo ndani, lakini mzazi haingii hata kwa dawa. Ya pili ni ghali zaidi. Hiyo inampokea mzazi, mradi ajiunge kabla hajatimiza sitini na tano. Akishaingia, hatolewi hata akizeeka vipi. Ugonjwa aliokuja nao unalipiwa baada ya mwaka mmoja wa kungoja. Ila uzazi na meno havimo, kila kimoja kinanunuliwa pembeni, na uzazi pia hulipiwa baada ya mwaka. Mtoto akizaliwa kabla ya mwaka kuisha, gharama ni zenu.

"Kwa hiyo mimba yenyewe inaweza kuanza kabla ya mwaka kuisha," fundi alisema.

"Inaweza. Wewe piga hesabu ya kuzaa, siyo ya kubeba."

Alirudi nyumbani na vipeperushi viwili, akavibandika kwenye mlango wa friji. Usiku hawakulala nalo. Walilimaliza jikoni wakiosha vyombo, au tuseme walijaribu kulimaliza. Kwa pesa waliyokuwa nayo wangeweza kuchukua ya kwanza na kila kitu chake, au ya pili pamoja na Mama, lakini bila uzazi.

"Mama siwezi kumwacha nje," mumewe alisema.

"Sijasema tumwache."

"Basi tuchukue ya pili. Mtoto atasubiri mwaka ujao."

"Na wewe utamwambia Mama kwamba mjukuu amesogezwa mbele kwa ajili yake?"

Mpiga picha alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Au," fundi aliendelea, "tumwombe achangie sehemu yake."

"Mama?" Mumewe aligeuka, povu linamtiririka viganjani. "Nimwombe mama yangu mzazi hela ya bima? Watu wataniona mimi ni mtoto wa namna gani?"

"Watu gani? Hapa jikoni tuko wawili. Mama ana gari, ana wanafunzi, anaamka kabla yetu. Mwezi uliopita alikununulia wewe betri ya kamera. Tunajadili kumbeba mtu ambaye hata hatujamuuliza kama amechoka kutembea."

Mumewe aliirudia sufuria yake, na fundi akachukulia hilo kuwa ruhusa.

Jumapili alimngoja Mama Breki amalize kula, akampa chai, akamweleza yote kama yalivyo, kuanzia bima mbili hadi umri hadi mchango. Mpiga picha aliinamia sahani yake kama anayesoma maandishi madogo chini yake.

Mama hakukasirika. Alicheka hadi akashika meza.

"Kwa hiyo mlikuwa mnakaa humu mnanong'ona, nani atamlipia bibi kizee? Mwanangu, mimi nakula jasho langu tangu huyu hajaota meno. Hela ya kuchangia sikosi." Akanywa chai. "Lakini sitaki. Mara ya mwisho kulazwa ni siku niliyomzaa huyu, na nilitoka kesho yake. Hiyo pesa wekeni kwenye uzazi. Nataka mjukuu, sitaki kadi."

"Si kadi tu, Mama. Ukishatimiza sitini na tano hawakupokei tena."

"Wasinipokee. Nitajipokea mwenyewe."

"Na kujiunga kwenyewe ni rahisi. Unajaza fomu, unapimwa, basi."

Mama Breki alikuwa ananyanyua kikombe. Alikirudisha mezani bila kunywa. "Kupimwa nini?"

"Presha, sukari, moyo, macho. Mambo ya kawaida."

"Mimi siumwi," alisema, na sauti yake, ile ya kuvuka barabara, haikufika hata ukutani. Dakika chache baadaye alikumbuka kwamba ana mwanafunzi, siku ambayo hakuwahi kufundisha maishani mwake, akavaa viatu akaondoka.

"Umemuudhi," mumewe alisema.

"Hapana," fundi alisema, akiutazama mlango. "Kuna kitu anakificha."

Jibu lilikuja lenyewe siku chache baadaye. Fundi alikuwa amepata kazi yake ya kwanza kubwa, mapazia ya ukumbi wa shule, na marobota yalikuwa mazito. Mama Breki alijitolea kumpeleka. Hakuwa na kinyongo. Alipiga honi mlangoni, akamfokea kwa kuchelewa, wakajaza kiti cha nyuma hadi darini. Fundi akakaa kwenye kiti cha mwalimu, ile breki ya pili iko miguuni pake.

Ilikuwa asubuhi, jua bado liko chini, linapiga moja kwa moja kwenye kioo. Mama aliendesha akiongea, kama kawaida. Walipokaribia makutano, mtu mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa magunia alianza kuvuka kutoka upande wa kushoto. Fundi alimwona. Alingoja Mama apunguze mwendo. Mama aliendelea kusimulia habari za mwanafunzi mmoja anayeogopa vilima.

"Mama. Mama, mtu."

Mguu wake ulikanyaga kabla hajajua umekanyaga. Gari lilikita, marobota yakawadondokea mabegani, na mwenye mkokoteni akasimama hatua chache mbele ya boneti, akawatazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira. Kisha akatikisa kichwa, akasukuma mzigo wake akaenda zake.

Mama Breki alisogeza gari pembeni, akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Nyuma yao kitambaa kiliendelea kuteleza.

"Alikuwa amevaa nguo gani?" aliuliza mwishowe.

"Shati jekundu, Mama."

"Jekundu," Mama alirudia. "Mimi nimeona ukungu, na ndani ya ukungu kitu kinasogea."

"Tangu lini?"

"Jicho la kushoto lilianza zamani kidogo. La kulia linalifuata. Wanafunzi ndio wanaonisaidia. Nawauliza, mbele kuna nini, na wao wanadhani nawapima." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nikipimwa macho, mwanangu, wananinyang'anya leseni. Na nikinyang'anywa leseni mimi ni nani? Mtu mmoja tu mnene anayekuja kula kwenu Jumapili."

Fundi alimshika mkono. Moyo ulikuwa bado unamdunda kwa ajili ya yule mtu wa mkokoteni, na hakuona sababu ya kusema maneno matamu.

"Mama, nakupenda, kwa hiyo nitakwambia kama ulivyokuwa ukiniambia mimi. Toka kwenye usukani."

Mama Breki alimtazama. Kisha akafungua mlango, akazunguka gari, wakabadilishana viti. Fundi aliendesha hadi shuleni, na njia nzima mama mkwe wake aliikanyaga ile breki ya pili, hata pale ambapo barabara ilikuwa nyeupe, hadi mkwewe akamwomba aikunje miguu juu ya kiti.

Jioni walikutana watatu. Mpiga picha alipoelezwa alikaa kitako, akawa kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa amempiga mama yake picha mara nyingi mno, akamrekebishia kidevu na mwanga, na hakuwahi kuyaona macho yale yakihangaika. Aliposimama, alisimama na wazo.

"Tusiandike," alisema. "Kwenye fomu wanauliza kama una tatizo la macho. Mama aandike hana. Daktari wa vipimo akiwa na haraka hataona. Tukishapata kadi, tunangoja kidogo, halafu ghafla macho yanauma."

"Kampuni itajuaje?" Mama alidakia. Usoni mwake palikuwa na matumaini kidogo, na fundi alichukia kuyazima, lakini akayazima.

"Itajua siku ya kulipa," alisema. "Siku ya kupokea pesa yetu hawatatuuliza kitu. Siku tutakayopeleka bili ya upasuaji ndipo watarudi nyuma kutafuta, na daktari wa macho atawaambia ukungu huu ni wa miaka. Hapo Mama hana bima, na huenda na sisi tukafutiwa. Tutakuwa tumenunua plastiki yenye picha. Mimi sinunui hiyo. Tunaandika kila kitu kilivyo, tunachukua ile ya pili, na tunangoja huo mwaka."

"Na uzazi?" mumewe aliuliza.

"Mama anajilipia, amesema hela hakosi. Kwa hiyo uzazi tunaununua pembeni. Tunaacha meno, tunaacha chumba cha peke yako, tutalala wodini na watu wengine tukipiga soga. Nimeshapiga hesabu. Inatosha, ikibana kidogo."

Mama Breki alimgeukia mwanawe. "Huyu ulimpata wapi?"

"Wewe ndiye uliyenitambulisha. Alikuwa mwanafunzi wako."

"Nilikuwa na macho siku hizo," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote.

Kwenye vipimo fundi alimsindikiza. Presha ya Mama Breki ilikuwa ya msichana, sukari haina neno, moyo unapiga kama saa mpya. Daktari wa macho, kijana mpole, alimulika kushoto, akamulika kulia, akazima taa yake.

"Mama, ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

Mama Breki alimgeukia mkwewe. "Unaona mambo? Nimeomba mjukuu, nimepewa mtoto. Tena mapacha."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Akaeleza kwamba upasuaji ni mdogo na watu wengi huona vizuri baada yake, kwamba mwaka mmoja wa kungoja hautamdhuru, lakini barabarani asiguse gari mpaka atakaporuhusiwa. Alisema hilo la mwisho akimtazama machoni, na Mama, ambaye maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine simama, alisimama.

Wakala alipokea fomu, akaisoma yote, akafika mahali pa macho akanyanyua kichwa. "Wengi hapa huacha wazi," alisema.

"Sisi tumejaza," fundi alijibu.

Kadi zilitoka siku chache kabla ya Mama kutimiza sitini na tano.

Mwaka ule haukuwa mwepesi, na aliyesema mwaka hupita haraka hakuwahi kuishi karibu na dereva asiyeendesha. Mama Breki alimkodishia gari mwalimu mwenzake, mzee mtaratibu aliyemfundisha kazi zamani, wakagawana mapato. Yeye akabaki barazani na wanafunzi, akiwafundisha alama za barabarani kwa mabango makubwa na kwa vigari vya plastiki alivyovisogeza juu ya meza. Wiki za mwanzo alinuna. Baadaye alianza kusifiwa. Wanafunzi wake walikuwa wanafaulu mtihani wa nadharia kuliko wa chuo kingine chochote mjini, na watu waliokwisha kulipia kwingine wakaja kukaa barazani kwake.

Fundi naye alikuwa ameshika kasi. Baada ya ukumbi wa shule ikaja nyumba ya wageni, kisha zahanati, kisha hoteli ile ile aliyotoka, sasa kama mteja. Kulikuwa na miezi ya kubana ambapo mchango wa bima ulitolewa kwanza na nyama ikafuata mwezi uliofuata. Mumewe alinung'unika mara moja. Kabla hajanung'unika mara ya pili, alianguka kutoka kwenye ngazi akipiga picha za maharusi, akavunjika mfupa wa mkono, akalazwa, akafungwa plasta, na walipomruhusu karani alichukua kadi, akaichapa namba yake, akairudisha na kusema, "Haya, pole sana." Tangu hapo hakunung'unika tena.

Mwaka ulipokaribia nusu, fundi alikaa na kalenda ya ukutani, akahesabu mbele, akaridhika. Hakumwambia mama mkwe alichohesabu. Alimwambia mumewe, na mumewe akasema hajawahi kuitwa kazini kwa furaha kiasi kile.

Kwa hiyo mwaka ulipotimia, na Mama Breki akapangiwa siku ya upasuaji wa jicho la kwanza, aliyekaa naye kwenye korido ya hospitali alikuwa mjamzito wa kuonekana na kila mtu. Mama alikuwa ameshalipapasa tumbo lile mara nyingi. Kuliona sawasawa, alikuwa hajaliona.

Upasuaji haukuchukua muda. Kesho yake walirudi kufunguliwa bandeji, mpiga picha akiwa amewaendesha kwa gari la mama yake. Muuguzi alibandua plasta taratibu, akafuta, akamwambia afumbue polepole. Mama alifumbua. Alipepesa, akapepesa tena. Fundi alisogea mbele kidogo na tumbo lake, akidhani ndilo litakalotazamwa kwanza.

Mama Breki alimtazama mwanawe.

"Una mvi," alisema.

"Mama?"

"Hapo pembeni ya sikio. Mbili, tatu. Na shati hilo halijapigwa pasi." Machozi yalimtoka, muuguzi akamzuia asiyafute kwa mkono. "Hamkuniambia kwamba mtoto wangu ameota mvi."

Mpiga picha alicheka na kulia pamoja, akainama ili amwone vizuri. Hapo ndipo Mama alipomgeukia mkwewe, akalitazama tumbo juu hadi chini, bila haraka, kisha akamtazama usoni zaidi kuliko alivyolitazama tumbo.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Macho yako yameingia ndani. Twende nyumbani ukalale."

Daktari alikuwa amemkataza kuendesha mpaka jicho la pili nalo lifanywe na lipone, na safari hii hakubishana. Alikaa nyuma, kioo kimeshushwa, shingo inageuka huku na huku, akisoma kwa sauti majina ya maduka na namba za magari kama mtu aliyejifunza kusoma jana. Mwanawe aliendesha. Walipofika makutano makubwa, Mama alisogea mbele katikati ya viti viwili.

"Taa ile ni nyekundu," alisema.

"Naiona, Mama."

"Najua unaiona. Nakwambia kwamba na mimi naiona."